Barabara Kuu Inapouacha Mji Kando: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Majina ya Barabara na Kuomba Vibao vya Njia Panda

Barabara ya mchepuo, yaani inayopita kando ya mji badala ya katikati yake, inapofunguliwa, malori na mabasi ya safari ndefu huondoka katikati ya mji kwa siku moja, lakini jina la mji huondoka barabarani polepole, na kwa kawaida hakuna anayeliangalia likiondoka. Mji uliokuwa ukisomeka kwenye kila kibao cha kilomita hujikuta umebakiwa na kibao kimoja kwenye njia panda, pengine kidogo kuliko tangazo la kituo cha mafuta kilicho jirani. Barabara iliyokuwa uti wa mgongo wa biashara huanza kuitwa "ya zamani" bila kikao chochote kuamua hivyo.

Mwongozo huu unawahusu wenyeviti wa mitaa, watendaji, madiwani na wafanyabiashara wa miji ya Tanzania ambayo mchepuo umejengwa, unajengwa au umekwisha kuchorwa. Arusha ina mchepuo wa kilomita 42.4, uliojengwa ndani ya mradi wa barabara ya Arusha–Holili hadi Taveta na Voi, nchini Kenya. Dodoma ina mradi wa barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 9 Februari 2022. Iringa nayo ina mchepuo wake kwa magari ya Dodoma yasiyo na haja ya kupanda mjini. Hali ya kila mji ni tofauti, lakini mlolongo wa maamuzi ni ule ule.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Jina la barabara mpya huamuliwa, kwa vitendo, na yule anayeliandika kwanza, na mara nyingi huyo ni mhandisi aliyehitaji tu neno la kuweka juu ya mchoro. Michepuo minne ya Nairobi inajulikana hadi leo kwa pande za dira, yaani wa Kusini, wa Mashariki, wa Kaskazini na wa Magharibi, kama ilivyokuwa kwenye karatasi za mradi. Mji unaosubiri siku ya uzinduzi ndipo uanze kufikiria majina utakuta majina yamekwisha kupatikana.

Nani anaamua nini

Barua nyingi zinazohusu mambo haya hukaa kwenye majalada kwa sababu zinamwomba mtu mmoja mambo matatu, ilhali yeye ana mamlaka juu ya moja tu. Mambo hayo ni hadhi ya barabara, jina la barabara, na kibao kinachosimama kando yake.

Hadhi inatawaliwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ambayo inazigawa barabara za umma kuwa za kitaifa, yaani barabara kuu na za mikoa, na za wilaya. TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2000, inazisimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017, inazisimamia zile za wilaya, zikiwamo barabara nyingi za ndani ya miji. Kupandisha au kushusha hadhi ni uamuzi wa waziri mwenye dhamana, lakini pendekezo hutoka chini na kupitia bodi ya barabara ya mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa.

Jina la barabara ya ndani ya mji ni suala la halmashauri, na tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ilipozinduliwa tarehe 8 Februari 2022, miezi michache kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka huo, halmashauri zinatakiwa kuhakikisha kwamba kila barabara ina jina, kila jengo lina namba, na anwani inakamilishwa kwa postikodi ya tarakimu tano inayoishia kwenye kata. Miundombinu mikubwa ya kitaifa ni suala jingine: majina ya Daraja la Mfugale pale Tazara, mwaka 2018, na Daraja la Kijazi pale Ubungo, mwaka 2021, hayakutoka kwenye mkutano wa mtaa. Mchepuo wenyewe unaweza kupewa jina kwa njia hiyo, na hapo nguvu ya mji ni ndogo. Nguvu yake iko kwenye barabara iliyoachwa, kwenye majina ya makutano, na kwenye maneno ya vibao vya njia panda.

Kibao, kwa upande wake, ni mali ya msimamizi wa barabara ambayo kimesimama. Kibao chenye jina la barabara ya ndani ya mji kinawekwa na halmashauri. Kibao cha mwelekeo kilichosimama kwenye hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara hiyo, ni cha TANROADS, hata kama neno lililoandikwa juu yake ni jina la mji wenu.

Hatua ya kwanza: ingieni kabla ya michoro kufungwa

Mradi wa mchepuo hupita kwenye upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, zabuni, kisha ujenzi. Vibao huingia kwenye usanifu wa kina: hapo ndipo idadi yake, mahali pake na maandishi yake huwekwa kwenye michoro, na gharama yake kuingizwa kwenye orodha ya kazi ambayo mkandarasi anaipangia bei. Kibao kilichomo kwenye orodha hiyo kitasimikwa hata kama hakuna anayekikumbuka. Kisichokuwamo kitahitaji barua, bajeti na mwaka mwingine wa fedha.

Kwa bahati nzuri, sheria inatoa mlango. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya aina hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na tathmini hiyo inahusisha mikutano na wananchi. Katika mikutano hiyo watu huuliza kuhusu fidia, na wana haki ya kuuliza, lakini ni nadra mtu kusimama na kuuliza kibao cha njia panda kitasema nini. Chagueni mtu mmoja wa kuuliza swali hilo, na mhakikishe limeandikwa kwenye muhtasari. Ombi lililoandikwa kwenye ripoti ya tathmini ni gumu kupuuzwa kuliko ombi linalokuja baada ya lami kukauka.

Ombeni vitu viwili mahususi kutoka kwa mhandisi mshauri kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri: mchoro wa alama na vibao kwa kila makutano ya mchepuo na barabara ya zamani, na orodha ya majina ya makutano yanayotumika kwenye mradi. Chukueni muda wa kutosha kwenye hiyo orodha. Barabara ya mzunguko ya Dodoma iligawanywa katika sehemu mbili, ya kilomita 52.3 kutoka Nala kupitia Veyula na Mtumba hadi Bandari Kavu ya Ihumwa, na ya kilomita 60 kutoka Ihumwa kupitia Matumbulu hadi Nala. Haya ni majina ya mahali pa kweli, yanayojulikana kwa wenyeji, na kila moja linamweleza dereva yuko upande gani wa jiji. Linganisheni na mradi ambao makutano yake yanaitwa "A", "B" na "C" hadi siku ya makabidhiano. Pengo la namna hiyo hujazwa haraka na chochote kilicho karibu, na kilicho karibu huwa baa au kituo cha mafuta.

Hatua ya pili: kusanyeni majina yanayosemwa

Kabla ya kupendekeza jina lolote, andikeni majina ambayo watu wanayatumia tayari. Waulizeni makondakta, madereva wa bodaboda na bajaji, wauza vyakula sokoni, wazee waliokuwapo kabla ya lami, na karani wa posta kama yupo. Andikeni jina, mahali linapoanzia na mahali linapoishia, kwa kuwa mara nyingi watu wanakubaliana kuhusu jina na wanatofautiana kuhusu mipaka yake.

Msiyadharau majina ya makondakta. Vituo vya mabasi yaendayo haraka vya Dar es Salaam, vilivyoanza kutumika mwaka 2016, vina majina kama Bucha, Baruti na Kona. Hayo ni majina ya vituo vya daladala yaliyopanda hadi kwenye kibao rasmi kwa sababu hakuna jina lingine ambalo abiria angelielewa. Kibaha nayo ina Maili Moja na Picha ya Ndege, na msafiri wa barabara ya Morogoro anayafahamu majina hayo hata kama hajawahi kuyaona yameandikwa.

Wakati wa kukusanya, tengenezeni pia orodha ya majina yanayojirudia. Mfano unaojulikana zaidi ni Mbezi ya Dar es Salaam, ambapo Mbezi Beach iko upande wa barabara ya Bagamoyo na Mbezi Luis, yenye stendi kuu ya mabasi ya mikoani, iko upande wa barabara ya Morogoro. Mgeni aliyeelekezwa "Mbezi" tu anaweza kuvuka nusu ya jiji bila sababu. Mji wenye mchepuo una hatari hiyo hiyo kwa kiwango kidogo: kama kuna Majengo, Mjimwema au Sabasaba mbili, moja upande wa mchepuo na nyingine upande wa mji, jina hilo lisiwekwe peke yake kwenye kibao cha njia panda.

Amueni pia tahajia moja. Jina lililoandikwa kwa neno moja kwenye kibao, kwa maneno mawili kwenye mhuri wa mtendaji na kwa herufi tofauti kwenye mfumo wa anwani litaleta usumbufu kila mahali linapotakiwa kuthibitishwa, kuanzia leseni ya biashara hadi hati ya kiwanja.

Hatua ya tatu: ipeni jina barabara iliyoachwa

Hapa ndipo penye ubishi mwingi, na ndipo ninaposhauri kutumia muda mwingi zaidi kuliko kwenye jina la mchepuo wenyewe.

Mtego wa kwanza ni jozi ya "zamani" na "mpya". Jozi hiyo huja yenyewe, hueleweka siku ya kwanza, kisha hukaa miongo. Dar es Salaam ilikuwa na barabara mbili za Bagamoyo, ya zamani na mpya, na baada ya muda hakuna kipya kilichobaki kwenye ile mpya. Sehemu ya ile mpya, upande wa mjini, imepewa jina la Ali Hassan Mwinyi, na ile ya zamani sasa inaitwa Barabara ya Mwai Kibaki, lakini mtu ukimwelekeza Mikocheni au Kawe bado utasikia jina lile la awali. Arusha ina barabara yake ya zamani ya Moshi. Kuitwa "ya zamani" kunadhuru biashara za barabara hiyo kwa namna ndogo lakini ya kila siku, kwa sababu mgeni anaelewa kwamba ni barabara isiyotumika, ilhali ndiyo yenye hoteli, benki, hospitali na soko.

Mtego wa pili ni jina la mwisho wa safari. Miji yetu imezoea kuziita barabara kwa mji zinakoelekea, na utaratibu huo una faida kubwa: dereva anapata ramani ndani ya jina. Lakini mchepuo ukifunguliwa, jina hilo huacha kusema kweli. Mjini Iringa, barabara iendayo Dodoma imekuwa ikipita katikati ya mji, na magari yatokayo Dodoma kwenda Mbeya hushuka hadi Ipogolo kuikuta barabara kuu inayopita bondeni. Magari yakishapewa njia nyingine, kuna barabara mbili ziendazo Dodoma, na moja kati yake ni ya kwenda sokoni. Kama jina la mwisho wa safari limekwisha kuzoeleka na limo kwenye anwani za watu, libakizeni kwa barabara ya mjini, kisha msikubali jina lile lile litumike kwa mchepuo. Kama halijazoeleka, huu ndio wakati wa kulibadilisha.

Mtego wa tatu ni jina la mtu. Majina ya waliotumikia taifa yana heshima yake, lakini Nyerere, Sokoine na Uhuru yamo karibu katika kila mji, na ndani ya halmashauri moja jina lisijirudie. Jina la mtu aliye hai linahitaji tahadhari zaidi. Jijini Nairobi, mwaka 2021, kibao cha barabara moja ya Kileleshwa iliyopewa jina la kiongozi aliye hai kiling'olewa na kuchomwa moto, na jina lenyewe likawa mzaha kabla halijawa anwani. Kama lazima liwe jina la mtu, chagueni aliyefariki, aliyefanya jambo linalojulikana katika mji huo huo, na ambaye familia yake imeridhia kwa maandishi.

Baada ya kuepuka mitego hiyo, jina lenye nguvu zaidi kwa kawaida ni la kitu kilichoko kando ya barabara na kisichohama: mto, kilima, msikiti au kanisa la kale, shule ya kwanza, boma, reli. Jina hilo halihitaji kutetewa na mtu. Liwe fupi, lisomeke kwa mbali, na litofautiane kwa sauti na majina ya jirani, kwa sababu litatamkwa kwenye simu na mtu anayeita gari la wagonjwa.

Amueni pia jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Mtaa wa kiutawala, wenye mwenyekiti na mhuri, si barabara. Barabara moja inaweza kupita mitaa mitano, na kila mtaa ukitaka jina lake, dereva atabadilishiwa jina kila baada ya mita mia nne bila kupinda kona hata moja. Barabara iliyoachwa na mchepuo iwe na jina moja kutoka njia panda ya kwanza hadi ya pili. Kama mji ni mrefu na hilo haliwezekani, jina libadilike mahali panapoonekana kwa macho, kama vile kwenye daraja, kipilefti au makutano makubwa.

Hatua ya nne: vikao na karatasi

Pendekezo lianzie kwenye mkutano wa mtaa wa wananchi wote, si wa viongozi peke yao. Litoke hapo likiwa na muhtasari uliosainiwa, orodha ya mahudhurio, ramani hata kama ni ya kuchora kwa mkono, na maelezo ya aya moja kuhusu sababu ya jina. Liende kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwenye kamati husika ya halmashauri, kisha kwenye baraza la madiwani. Barabara ikipita kata zaidi ya moja, muhtasari wa kila kata uambatishwe. Baraza litaahirisha jambo ambalo kata moja haijaliona.

Mratibu wa anwani za makazi wa halmashauri ahusishwe kabla ya kikao cha kata, si baada yake, kwa sababu yeye ndiye atakayeangalia kwenye NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani za makazi, kama jina limekwisha kutumika, na ndiye atakayeliingiza likipitishwa. Jina lililopitishwa na baraza lakini halimo kwenye mfumo ni jina la kikao tu.

Namba za nyumba zisiguswe bila sababu ya lazima. Utaratibu ni namba witiri upande mmoja wa barabara na namba shufwa upande wa pili, zikipanda kutoka mwanzo wa barabara. Mchepuo unaweza kuwashawishi watu waanze kuhesabu upya kutoka njia panda mpya, na ushawishi huo ukataliwe, kwani kila namba inayobadilika ina mwenye duka anayelazimika kurekebisha leseni, mkataba wa pango, taarifa za kodi na za benki.

Hatua ya tano: vibao vya njia panda

Kama mji una nguvu za kupigania jambo moja tu, upiganie hili, na uliache jina la mchepuo liende litakapokwenda. Wateja wa mji uliopitwa pembeni huamua kuingia au kutoingia ndani ya sekunde chache, wakiwa kwenye mwendo, mara nyingi usiku, na hawana cha kuwasaidia isipokuwa kibao.

Hesabu yake ni rahisi. Basi au lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wao nje ya makazi, linapita takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde tano za kuona, kusoma na kuamua, amekwisha kutembea mita 110, na bado hajaanza kupunguza mwendo wala kuwasha indiketa. Kwa hiyo kibao kinachosimama kwenye kona yenyewe kinathibitisha tu uamuzi uliokwisha kufanywa, au kinamwonyesha dereva alichokwisha kukikosa. Kila njia panda inahitaji vibao vitatu kwa kila upande wa kuingilia: cha kwanza kinachotangulia makutano kwa umbali wa kutosha, cha pili kwenye makutano chenye mshale, na cha tatu baada ya makutano, kinachorudia majina ya mbele na umbali wake ili aliyepotea ajue mapema. Mchepuo una ncha mbili, na kila ncha ina magari ya kutoka pande mbili. Ni kawaida kukuta ncha moja imehudumiwa vizuri na nyingine haina kitu, kwa kuwa mradi uliishia hapo.

Kuhusu maandishi, ombeni mambo manne. Kwanza, jina la mji liandikwe kama jina, halafu lifuatiwe na maneno "mjini" au "katikati ya mji", kwani kwenye mchepuo jina peke yake halimwambii mgeni kama yuko ndani ya mji au nje yake. Pili, mwelekeo wa mbali uonekane kwa njia zote mbili pale inapowezekana: dereva anayekwenda Mbeya aelewe kwamba mchepuo unampeleka Mbeya, na kwamba kupitia mjini pia kunampeleka Mbeya. Neno "kupitia" likiwamo kwenye kibao, hofu ya kupotea inaisha, na aliye na njaa anaweza kuingia. Tatu, jina likishaonekana kwenye kibao kimoja, liendelee kuonekana kwenye vinavyofuata hadi msafiri afike. Jina linalojitokeza mara moja na kutoweka ni baya kuliko lisilokuwapo. Nne, huduma ambazo mtu anazitafuta kwa dharura, hasa hospitali, zionyeshwe kwa alama na si kwa maneno.

Stendi inahitaji uangalizi wa peke yake, kwa sababu miji mingi huihamishia pembezoni, karibu na barabara kuu. Iringa ilifanya hivyo kwa stendi yake ya Igumbilo. Stendi ikiwa nje, kibao cha "Stendi" na kibao cha mji vinaelekeza pande tofauti, na abiria anayeshuka usiku anahitaji kibao cha tatu, cha waendao kwa miguu, kinachomwonyesha daladala za kupanda mjini ziko wapi. Wahandisi wa barabara kuu hawakipangi kibao hiki, kwa sababu si cha magari. Ni kazi ya halmashauri, na ni cha bei ndogo.

Kama mradi umekwisha kukabidhiwa na vibao havitoshi, njia iliyobaki ni barua ya mkurugenzi kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, ikiwa na picha za kila upande zilizopigwa mchana na usiku, mahali kibao kinapotakiwa, na maandishi kamili yanayopendekezwa. Nakala iende kwa sekretarieti ya bodi ya barabara ya mkoa ili jambo liingizwe kwenye ajenda. Msisimike kibao chenu wenyewe kwenye hifadhi ya barabara kuu bila kibali. Kitang'olewa, na ombi lenu la halali litakuwa limeharibiwa jina.

Wenye shaka kama mambo haya yana uzito watazame Marekani, ambako kuna mfumo mzima kwa ajili yake. Barabara kuu ya Interstate 40 ilipoikwepa miji ya Arizona iliyokuwa kwenye barabara kuu ya zamani ya Route 66, mji wa mwisho kupitwa, Williams, uliachwa pembeni tarehe 13 Oktoba 1984, na mwaka uliofuata namba 66 ikafutwa rasmi kwenye mtandao wa barabara za taifa. Lakini barabara ya kupita mjini ilikuwa na ngao ya kijani yenye umbo lile lile la ngao ya barabara kuu na namba ile ile ya 40, ikimwambia dereva kwamba hii ni njia ya biashara inayotoka barabarani, inapita mjini na kurudi barabarani. Baadaye zikaongezwa alama za kahawia za barabara ya kihistoria, na watalii wanazifuata hadi leo. Hapa kwetu hakuna alama ya namna hiyo, na hakuna sheria inayozuia kuiomba kwa maneno ya kawaida: "Mjini, kupitia soko kuu, kurudi barabara kuu."

Hatua ya sita: hadhi na hifadhi ya barabara

Mchepuo ukipewa hadhi ya barabara kuu, barabara ya mjini inaweza kushushwa na kukabidhiwa TARURA, au ikabaki TANROADS. Pateni jibu kwa maandishi, kwa kuwa ndilo litakaloamua nani anaziba mashimo, nani anapaka rangi pundamilia, na nani anasimika upya kibao kilichogongwa. Katika kipindi cha mpito kila upande huamini kuwa kazi ni ya mwingine, na vibao huwa vya kwanza kuumia.

Kuna tetesi inayorudi kila mahali, kwamba barabara ikishushwa hadhi basi hifadhi yake inapungua siku hiyo hiyo na watu wanaweza kusogeza vibanda. Sheria ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, na mabadiliko yoyote ya hadhi yanahitaji tangazo rasmi. Kabla ya tangazo hilo kuonekana, asijenge mtu.

Hatua ya saba: ukaguzi baada ya kufunguliwa

Vibao huibiwa kwa ajili ya vyuma chakavu, hufunikwa na matawi, na hubandikwa matangazo ya waganga na ya mikutano. Mwenyekiti wa mtaa ulio kwenye njia panda apewe orodha ya vibao vyake na namba ya simu ya ofisi ya TANROADS ya mkoa, na taarifa ya vibao iwe ajenda ya kudumu kwenye kikao cha kata.

Ramani za kwenye simu zirekebishwe mwezi huo huo, kwa sababu madereva wa malori ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda wengi wao wanaziangalia. OpenStreetMap inaweza kurekebishwa na mtu yeyote aliyefungua akaunti, na Google Maps inapokea mapendekezo ya majina; katika zote mbili andikeni jina lililopitishwa na baraza, kwa tahajia ile ile, na jina la zamani liwekwe kama jina mbadala ili anayelitafuta bado alifikie.

Baada ya hapo tafuteni dereva ambaye si mwenyeji, asiyewahi kulala katika mji wenu, mumwombe aingie usiku kutoka kila ncha ya mchepuo bila simu na bila kuuliza, huku mtu mwingine garini akiandika mahali aliposita. Orodha ya mahali aliposita ndiyo iambatishwe kwenye barua inayofuata kwa meneja wa mkoa.